Barua kwa vijana wa Katuba, Lubumbashi, Kongo, wanaoacha kazi kwa ujumbe wa sauti

Watoto wangu,

Ninaandika nikiwa na hasira, afadhali niseme mapema. Juzijuzi mtoto wa jirani yangu, mwenye mke na watoto wawili, aliacha kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani. Aliachaje? Alimtumia mkubwa wake ujumbe wa sauti saa tano za usiku, muziki ukisikika nyuma. Kesho yake akachinja mbuzi, na makreti ya bia ya Simba yakapangwa uani mpaka mlango wa choo. Nilipoitwa nibariki nikamuuliza: sasa utafanya nini? "Papa, natumika kwenye intaneti. Niko patron, bosi yangu mwenyewe."

Huyo ni wa tatu tangu Pasaka, katika barabara moja.

Sisemi kazi ya intaneti ni uongo. Binti wa dada yangu anatafsiri maandishi ya watu wa Bulaya kwa kompyuta, na nyumba yao inakula. Ugomvi wangu uko na mbuzi.

Mbuzi yule ninamjua, nilimchinja mimi mwaka 2003. Nyinyi mlikuwa mnanyonya wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipotoka kwa départ volontaire, yaani kuacha kazi kwa hiari na kulipwa, kwa fedha zilizopitia Benki ya Dunia. Nilikuwa mmoja wao. Nikanunua Hiace iliyotumika, nikampa shemeji usukani, nikaanza kutembea mtaani mikono nyuma, patron. Nilikuwa na kitabu cha mahesabu chenye jalada la bluu, na bado ninacho. Kila jioni niliandika alichonikabidhi shemeji, tarehe kwa tarehe, mwandiko safi kabisa. Matairi hayamo. Vizuizi vya barabarani havimo. Unga wa bukari, ugali wetu, niliokuwa nachotea pesa zake humohumo haumo. Gari lilikufa kwenye barabara ya Likasi mvua za kwanza tu, na siku ile kitabu kilikuwa bado kinasema mimi ni tajiri.

Kwa hiyo kijana aliponionyesha picha kwenye simu, dola 900 kwa mwezi mmoja, nilimwambia alete kalamu. Yuko Fiverr, soko la kazi la kwenye intaneti, na Fiverr inachukua asilimia 20 ya kila kazi: zimebaki 720. Pesa haziingii kwake moja kwa moja, zinapita kwa binamu aliye Brussels, naye anabaki na asilimia kumi yake: 648. Kuzituma mpaka zifike kwenye M-Pesa, toa 20. Mega za intaneti, 60. Petroli ya gurupu, ile jenereta, kwa sababu delestaji, kukatwa kwa umeme, ya Katuba haiulizi kama una mteja anayesubiri, 90. Tukafika 478. Mshahara alioutupa ulikuwa 420, pamoja na matibabu ya mke na watoto, ambayo kwenye karatasi yetu hayakuwa na mstari. Nikamuuliza, mwezi uliotangulia ulipata ngapi? Akanyamaza. Ilikuwa 260, kabla ya makato yote hayo. Yaani mbuzi alichinjwa kwa mwezi mmoja uliokaa vizuri!

Tena 900 zilitoka kwa mteja mmoja tu. Mtu mmoja, ng'ambo, ambaye hujui hata sura yake. Huyo naye ni bosi, isipokuwa hana lango la kwenda kumgongea.

Basi hesabuni mwezi mbaya. Shikilieni kazi yenu, fanyeni ile nyingine usiku na Jumamosi, mpaka ule mwezi wenu mbaya kabisa ulipe kodi ya nyumba, unga na ada ya shule kwa miezi sita mfululizo. Najua mtachoka. Mimi pia nilichoka, lakini nilichoka baadaye, wakati hakuna tena cha kuokoa.

Na nyinyi wazazi wenzangu, msijifiche nyuma ya barua hii. Kijana akitoka asubuhi na beji shingoni mnamwita mfanyakazi, hata kama kampuni inampa mkataba wa miezi mitatu mitatu kwa miaka mitano. Akikaa chumbani mbele ya kompyuta mnamtuma makaa, mnamtuma sombe, mnampa mtoto ambebe. Kisha mnashangaa anafanya kazi usiku na macho yamemwiva. Hawa watoto hawakimbii kazi. Wanakimbia mikataba ile, na sisi ndio tuliokaa kimya ilipoanza.

Mengine kwa haraka. Sheria ya kazi, Code du travail ya mwaka 2002, inamdai hata mfanyakazi préavis, yaani taarifa ya mapema kabla ya kuacha kazi, nusu ya ile ambayo mwajiri angempa. Iandikeni kwa karatasi na mchukue cheti chenu cha kazi. Na ndugu wa Brussels anayewapokelea pesa, mwandikiane makubaliano, hata kama mlinyonya ziwa moja. Pesa za mwezi mzima zikae mahali pasipohitaji mtandao: intaneti ya nchi hii ilizimwa tarehe 31 Desemba 2018, ikarudi baada ya karibu siku 20, na mteja wa Paris hakuwa na habari kwa nini umekaa kimya. Mke ajue kiasi kinachoingia. Na mlale, jamani.

Kijana wa mbuzi alikuja kwangu wiki iliyopita, bila muziki. Mteja wake hajibu tangu siku kumi na moja. Tulikaa chini ya mwembe tukaandika barua kwa mkubwa wake wa zamani, ukurasa mmoja, mara tatu tukiirudia kwa sababu kila mara alikuwa anaweka maelezo mahali pa kuomba radhi. Jibu halijafika. Anayetaka kufanya hesabu yake kabla ya kuongea na bosi, aje Jumapili baada ya misa. Aje na miezi yote, si picha ya mwezi mmoja, na simu iwe na chaji, kwa maana kwangu umeme unarudi saa nane za usiku.

Papa yenu wa barabara ya pili