Yah: Mabuti ya ngozi ya kupandia mlima yaliyoharibiwa kwa kukaushwa kwa joto

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Moshi.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mwongoza watalii katika Mlima Kilimanjaro. Ninakuandikia kuhusu mabuti yangu ya ngozi yasiyopitisha maji, ambayo niliyaleta kwenu, kwenye duka lenu la kufua nguo, mwezi uliopita ili yasafishwe, nikarudishiwa kesho yake yakiwa yanang'aa lakini yameharibika. Nilipokuja kulalamika niliambiwa kwamba ngozi imezeeka, jibu ambalo sikubaliani nalo.

Mabuti hayo nimeyavaa kwa miaka minne, na kila niliposhuka mlimani niliyasafisha mwenyewe: nilichomoa kamba na soli za ndani, nikabandua tope lililokauka, nikapitisha mswaki mkuukuu kwenye mishono, nikayafuta kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na sabuni ya unga, kisha nikayajaza magazeti na kuyaacha barazani, penye upepo na kivuli, nikibadilisha magazeti kila yalipolowa. Kazi hiyo huchukua siku mbili, wakati mwingine tatu. Ngozi ilipobaki na unyevu kidogo niliipaka nta, hasa pale inapokunjika juu ya vidole. Safari hii niliyaleta kwenu kwa sababu nilikuwa namuuguza mama yangu, na nilieleza wazi kwamba nina wiki nzima, sina haraka. Mhudumu aliandika kwenye risiti, kwa mkono wake, maneno "yasikaushwe kwa joto".

Kijana aliyenikabidhi mabuti alinieleza bila kificho kwamba yalikaa usiku kucha ndani ya chumba chenu cha kukaushia nguo. Simlaumu; ndiye pekee aliyeniambia ukweli. Ngozi ina mafuta yake, na joto kali likiyakausha, hukakamaa kisha ikapasuka, huku gundi inayoshika soli ikilegea. Kama sababu ni uzee, mbona soli zimeachia katika mabuti yote mawili kwa wakati mmoja, mahali palepale?

Ukubwa wa hasara niliuona kwenye njia ya Marangu. Mvua ilitukuta msituni, na tulipofika kambi ya Mandara, mita 2,720, soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imelowa chepechepe. Kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, niliyavua mabuti na kuyaangalia kwa tochi. Nikaona ufa umekata ngozi juu ya vidole, na pembeni yake mwanya kati ya ngozi na soli. Nilichukua risiti yenu, nikaikunja mara mbili, nikaisukuma humo, ikazama hadi nusu. Kutoka kambi ya Kibo safari ya kileleni huanza karibu na usiku wa manane, katika baridi inayoshuka chini ya sifuri, na mguu uliolowa katika baridi hiyo unaweza kuganda hadi vidole vikafa. Nilimkabidhi msaidizi wangu wageni niliokuwa nimewaahidi kuwafikisha kilele cha Uhuru, nikateremka na kupoteza malipo ya siku zilizobaki.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, mnilipe gharama ya jozi nyingine ya ubora uleule, kwani fundi niliyemwonyesha anasema soli inaweza kugundishwa upya lakini ngozi iliyopasuka haitazuia maji tena. Pili, viatu vya ngozi visiingizwe tena kwenye chumba hicho, na wahudumu wenu waelekezwe hivyo kwa maandishi, maana waongozaji na wapagazi wengi wa mji huu wanawaletea viatu vinavyowapatia riziki.

Nitasubiri jibu lenu la maandishi kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani, ambayo pia hulinda walaji. Nimeambatanisha nakala ya risiti pamoja na picha nne; mabuti yenyewe ninayo nyumbani, na mnaweza kumtuma mtu kuyakagua siku yoyote.

Wako mwaminifu,
Mwongoza watalii,
Moshi.