Dodo chini ya mwarobaini

Kikuyu, Dodoma

Shoga yangu Rehema,

Barua yako nimeipata. Huku upepo na vumbi, lakini wazima.

Kwa tafsiri yako unataka neno la Kiswahili la serendipiti, neno la Kiingereza la kukuta kizuri usichokitafuta, na "bahati nzuri" umeshaikataa. Sikulaumu. Hata aliyeshinda bahati nasibu ana bahati nzuri, ila yeye alikata tiketi. "Sadfa" nayo imepoa mno: wawili kukutana harusini na kitenge kimoja ni sadfa, na hakuna anayefurahi.

Mimi ningeandika kuokota dodo chini ya mwarobaini. Mji huu umejaa miarobaini, maembe yake hatujayaona.

Ila kuna kitu kinapelea. Mwingereza aliyelibuni neno hilo, Horace Walpole, alilitia kwenye barua kwa rafiki yake (kama sisi!) tarehe 28 Januari 1754. Alilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, yaani Sarandibu ya Waarabu, Sri Lanka ya leo. Vijana wale walikuwa wakigundua wasichokitafuta, kwa nasibu na kwa werevu: majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, basi mnyama aliyepita ana chongo. Dodo huokotwa na yeyote anayeweza kuinama. Wazee wana "mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota", nayo inasifu miguu. Jicho je?

Mwaka juzi punda wa mjomba alipotea kule Mvumi, tukatoka alfajiri kumsaka. Nilipita chini ya mbuyu, nikaona mbuyu. Mjomba akasimama, akakaza macho juu: nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu la shina. Jioni tulirudi na ndoo ya asali, na punda tukamkuta uani, anatushangaa sisi tulikuwa wapi. Nikamwambia mjomba ana bahati. Alinuna. "Bahati gani? Si wewe ulitangulia kupita pale?"

Kwa hiyo kwenye tafsiri yako, mhusika akibahatika tu, mpe dodo. Akitumia akili, usimbane kwenye neno moja. Andika sentensi nzima, mhariri alalamike. Neno moja la kubeba miguu, nasibu na jicho mimi sijalisikia, na la kuunda mezani litanuka gundi.

Asali kidogo nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Chupa nimeifunga kwa kanga yangu ya bluu. Kanga naitaka.

Wako,
Mwajuma