Lile hindi linalozunguka

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Ati simu uliyopewa kazini inahesabu hadi dakika unazokaa msalani! Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana jambo hilo nilishaliona kwenye sinema.

Ni ile Modern Times ya Charlie Chaplin, ya 1936. Kakimbilia msalani kiwandani, kawasha sigara, hajaifaidi, mara uso wa bosi unajaa ukuta mzima: rudi kazini! Wakati huo televisheni yenyewe wengi walikuwa hawajaiona.

Wewe ulipenda mashine ya kulisha. Tuliirudisha nyuma kwenye deki mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Kiwanda kinataka kufuta saa ya chakula, basi Chaplin anafungwa kwenye kiti, supu inamwagika kifuani, hindi linazunguka kwa kasi mbele ya meno yake, nati za chuma zinasukumwa mdomoni kama tonge. Na kile kifuta mdomo, katikati ya balaa lote, kinakuja taratibu kumpangusa kwa adabu. Bosi anaikataa mashine. Usidhani ni huruma. Ameona haifai kwa kazi.

Sikukwambia hili ukiwa mdogo: filamu za kuongea zilikuwa zimeshazoeleka, Chaplin akang'ang'ania ububu. Maneno yanayosikika karibu yote yanatoka kwenye chombo: bosi kwenye skrini, muuza mashine kwenye santuri, redio. Mwenyewe anapofungua kinywa mwishoni, anaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote. Wanaosema alichukia mashine siwaelewi. Kamera si mashine? Naona alikuwa akitazama nani kapewa sauti.

Ile sinema ya Stanley Kubrick ya 1968, 2001: A Space Odyssey, ni baridi zaidi. Wanaanga wawili wanajifungia kwenye kichombo kidogo ili watete kuhusu kompyuta inayoendesha chombo chao, isiwasikie. Nayo inawasoma midomo kupitia dirishani. Mama yako alizima deki hapo hapo, akasema jambo hilo litamjia ndotoni.

Sasa niambie: hiyo simu ikikuuliza ulikuwa wapi, kuna mtu unayeweza kumjibu, au ni kubonyeza kitufe tu? Mama anakusalimia. Anasema usijibane haja kwa ajili ya simu, figo ni zako.

Baba yako