Kabla hamjachimba msingi

Mwanza

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Dodoma? Huku hatujambo, watoto wako shuleni na Ziwa Victoria limetulia wiki hii. Ramani ya nyumba mnayotaka kujenga huku, uliyonitumia, nimeiangalia sana. Ni nyumba nzuri, lakini ni nyumba ya uwanja tambarare, na ninyi mmenunua majabali na ukingo wa ziwa. Naomba unisikilize kabla fundi hajaleta sururu.

Kwanza, rudini nyuma. Kwenye ramani kibaraza kinakaribia kugusa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata isingekuwapo ningekuambia vilevile. Mwaka 2020 ziwa lilijaa mpaka likavuka kidogo kiwango cha 1964, na waliojenga chini, huku kwetu na hata Kenya na Uganda, waliona maji yakiingia vyumbani. Ziwa likidai sehemu yake halimsubiri mtu ahamishe vyombo.

Najua Baba Neema anataka kufyeka matete na mafunjo apate ufukwe. Mwombe aache. Mizizi ile inashika udongo na kuchuja matope yanayoshuka na mvua, na humo ndani vifaranga vya sato hujificha wasiliwe. Halafu kuna kichocho. Konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji ya kina kifupi, kwa hiyo watoto wasizoee kuchezea pale, ufukwe uwepo usiwepo. Ziwa mtalitazama kutoka juu, pale kwenye mwamba mpana chini ya mkuyu. Na huo mkuyu msiukate, tafadhali.

Sasa majabali, maana hapa ndipo naumia. Fundi wenu amesema yapasuliwe yote kiwanja kisawazishwe. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha Jiwe la Bismarck, lile jabali maarufu la ziwani hapa Mwanza, na sisi kwenye viwanja vyetu tunawasha moto juu ya ndugu zake mpaka yapasuke yawe kokoto. Jabali lililokaa pale tangu kabla ya binadamu halirudi tena. Na si mawe matupu: pimbi wanaishi kwenye nyufa zake, na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu huota jua juu yake kila asubuhi. Igawanyeni nyumba. Badala ya jengo moja kubwa, wekeni sehemu mbili tatu ndogo zinazopita katikati ya mawe, jiko na sebule juu kidogo, vyumba vya kulala chini yake, ngazi za mawe zikiunganisha. Ukuta wa nyuma wa sebule unaweza kuwa jabali lenyewe, mradi njia ya maji ya mvua itengenezwe vizuri pembeni. Ila kitanda msikiweke karibu nalo: jiwe hushika joto la mchana na kulitoa usiku.

Kiwanja chenu kinatazama machweo, na kila mtu hupenda kuweka vioo vikubwa upande huo. Hapa karibu na ikweta jua la mchana liko utosini, paa linalizuia. Linalochoma nyumba ni la asubuhi na la jioni, linaloingia chini ya paa. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi wekeni baraza pana lenye kivuli. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, hivyo kila chumba kiwe na madirisha pande mbili zinazotazamana. Nyavu ziwe za matundu madogo sana, si za mbu tu. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi hufuata mwanga na kupenya kila mahali. Taa za nje ziwe chache na zielekee chini.

Bati chagueni la rangi ya kijivu, lising'ae kuliko mawe. Mvua ya Mwanza ni takribani milimita 1,000 kwa mwaka, na kila milimita juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150 linapokea kama lita 150,000. Hata mkipoteza sehemu yake, wekeni gata na matangi tangu mwanzo.

Shimo la choo lisiwe upande wa ziwa kamwe. Ardhi ya mawe ina nyufa, maji machafu hupita bila kuchujwa, na yakifika ziwani yanalisha magugu maji. Liwe upande wa barabara, na kabla ya kuchimba mtafute mtu apime udongo.

Usimlipe fundi bado. Njooni wote wikendi yoyote mwezi ujao, tukae kiwanjani tangu asubuhi mpaka jua lizame, tuwe na kamba na vigingi, tupange kila chumba kwa kusimama mahali pake. Chakula nitabeba mimi.

Msalimie Baba Neema na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Juma