Tupimieni stima mashambani kabla ya kutuuzia sola

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumze na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, hasa wanaoshughulikia kilimo na kawi, juu ya jambo linalotumaliza sisi wakulima na wafugaji wadogo wa Mwakirunge, Mtongwe na kote ng'ambo ya kisiwa: stima.

Nafuga kuku wa mayai na ng'ombe wanne wa maziwa, na nina bustani ya mchicha na mabiringani ninayoimwagilia kutoka kisimani. Mwaka jana tokeni za stima zilianza kunishinda. Nikafanya wanavyofanya wengi, nikamwita muuzaji wa sola. Alikuja, akasoma kibandiko cha pampu, akapiga hesabu kwenye simu, akanitajia bei. Hakuuliza maji yako chini kiasi gani wala natumia lita ngapi kwa siku. Bei ilinishinda, na leo nashukuru kwamba ilinishinda.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa pampu, aliyekuwa amekuja kwa shughuli nyingine. Aliniuliza, "Mwanangu, hadi kwenye maji ni pima ngapi?" Nikamjibu, "Sijui, mzee." Akafunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha: pima nane, yaani kama mita 14 na nusu. Kutoka mdomo wa kisima hadi juu ya tangi ni mita 5 na nusu. Kwa hiyo maji yangu hupanda mita 20, na tangi ni la lita 5,000.

Kazi ya kuinua lita 5,000 kwa mita 20, ukiipiga kwa hesabu tupu, ni robo ya yuniti moja ya stima na kidogo juu yake. Hakuna pampu inayofikia hapo, maana nguvu nyingine hupotelea ndani ya mota na nyingine kwenye mabomba, lakini pampu nzima ya ukubwa wa yangu yapaswa kuifanya kazi hiyo kwa yuniti moja hivi. Tulisoma mita ya stima, tukawasha, tukakaa chini ya mwembe kungoja. Tangi lilijaa baada ya saa tatu kasorobo, na mita ikasema yuniti tatu. Kila siku, miezi kwa miezi, nilikuwa nalipia maji yale yale mara tatu.

Tulipoitoa pampu kisimani tukakuta chujio limezibwa na mchanga, na mapanga yake ya ndani yameliwa na mchanga huo huo. Kubwa zaidi ni bomba. Pampu ilitokea inchi moja na nusu, lakini aliyenifungia alinivutia bomba la inchi moja mita 60 hadi kwenye tangi, kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi dukani. Ukipunguza upana wa bomba hadi nusu na bado ukataka maji yale yale yapite kwa saa, msuguano huongezeka mara 30 hivi. Langu halikufika nusu, lakini lilitosha kunila. Nilibadilisha bomba na mapanga. Sasa tangi hujaa kwa saa moja na dakika kumi, kwa yuniti moja na robo hivi.

Mombasa nzima ingepaswa kulielewa jambo hili kuliko mji wowote. Maji ya chemchemi za Mzima hutufikia kwa mteremko, yakishuka yenyewe kutoka Taita Taveta. Ya visima vya Baricho, Kilifi, lazima yasukumwe kwa pampu, na gharama ya stima ya kuyasukuma imekuwa kilio miaka mingi. Yaliyo kwa mji yako pia shambani mwangu, kwa kipimo kidogo.

Siipingi sola. Jua tunalo, na siku moja nitaifunga. Lakini ningeinunua siku ile, ningenunua paneli za kulisha pampu mbovu na bomba jembamba, zaidi ya maradufu ya ninazohitaji. Na liko jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatulisemi vya kutosha. Pampu ya sola haina tokeni ya kuisha, kwa hiyo mtu huiacha ivute kutwa nzima. Chini ya mawe yetu ya matumbawe, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Wanaojua elimu ya maji ya ardhini wanasema kwamba ukishusha usawa wa maji matamu kwa mita moja, yale ya chumvi chini yake yaweza kupanda hadi mita 40 baada ya muda. Visima vilivyogeuka chumvi tunavijua Likoni na Kisauni. Kujua shamba linahitaji lita ngapi, basi, kunakilinda kisima pia.

Kwa kuku hasara haionekani upesi, kwa sababu taa haipigi kelele kama pampu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa nyuzi tatu hivi kila wiki. Sasa fikiri mchana wa Machi hapa kwetu, kaskazi imefifia, nyuzi zimepita 30 ndani ya chumba. Kifaranga wa wiki ya pili ana joto lake lote bila taa. Hata hivyo nimeingia kwa majirani nikakuta taa nne za wati 250 zinawaka saa saba mchana, na vifaranga wamekimbilia pembeni midomo wazi. Taa hizo nne zikiwaka usiku na mchana zinakula yuniti 24 kwa siku! Ukizizima nusu ya siku, umeokoa 12, na vifaranga wako wamepona. Kipimo ni wao wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakiikimbia wana joto.

Kuku wa mayai nao hawahitaji mwanga zaidi ya saa 16. Jua letu latupa 12, kwa hiyo saa nne za taa zatosha, kisha walale. Mimi nilikuwa nawasha balbu nane za wati 60 usiku kucha. Nimeweka za LED za wati 9 na swichi ya saa inayozizima yenyewe.

Na kabla ya feni, tazameni banda. Wazee wetu walijenga kwa kuzijua pepo. Banda refu likilazwa mashariki kwenda magharibi, jua la asubuhi na la jioni hupiga zile pande fupi tu, na pande ndefu zilizo wazi hupokea kaskazi msimu wake na kusi msimu wake. Langu lilijengwa kinyume, na mabati juu. Sikuwa na uwezo wa kulibomoa. Nilichoweza ni kupaka mabati chokaa, ile ile inayong'arisha kuta za Mji wa Kale, na kuezeka ukumbi wa makuti upande wa magharibi. Feni mbili nilizokuwa nimezipanga sikuzinunua tena.

Ya maziwa sitayarefusha. Frija la maziwa lililopandwa na kutu ya upepo wa bahari nyuma, mpira wa mlango umechanika, nalo limewekwa juani, litakula stima hata ulifanyie nini. Lisogezeni kivulini, lisafisheni, mbadilishe mpira.

Sasa niseme na serikali. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zinawataka watumiaji wakubwa, wanaopita yuniti 180,000 kwa mwaka, wafanyiwe ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu. Viwanda na mahoteli yetu yanaingia humo. Mkulima anayetumia yuniti 300 kwa mwezi haingii, na ndiye asiye na pesa za kumwajiri mkaguzi. Lakini wakulima 50 wa namna hiyo kwa mwaka wanatumia yuniti 180,000 kamili. Sisi ni kiwanda kilichotawanyika, na hakuna anayekikagua.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kilimo, na ikaipa pia sehemu ya usambazaji na udhibiti wa umeme. Yote mawili yako mkononi mwenu. Maafisa wa ugani tayari wanakuja kutazama chanjo na mbegu. Wapeni kamba ya kupimia kisima, saa, na kimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, na muwafunze kusoma mita kabla na baada ya kila mashine. Asubuhi moja yatosha kwa shamba moja. Maonyesho ya kilimo ya Mkomani yatakaporudi, tengeni kibanda kimoja kisichouza kitu, ambapo mkulima ataleta vipimo vyake apigiwe hesabu bure. Na mtu anayetaka kufunga sola shambani atakiwe kwanza kuandika kina cha kisima, urefu na upana wa bomba na lita za siku, amwachie mwenye shamba karatasi hiyo.

Afisa wa kwanza atakayejitolea aanzie kwangu. Kamba yenye jiwe ninayo, daftari la mita ninalo tangu mwaka jana, na majirani sita wameshaniambia wako tayari tukitoka hapo twende kwao.

Mfugaji na mkulima,
Mwakirunge, Mombasa