Watumwa walijua fika kuwa ni watumwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Harriet Tubman, mwanamke wa Marekani aliyetoroka utumwani kisha akawa anarudi kuwatorosha wenzake, ilinoga mpaka pale mwandishi alipoifunga kwa ile kauli inayozunguka mitandaoni na kupendwa mno na wahamasishaji: eti Harriet alisema aliwakomboa watumwa elfu moja, na angekomboa elfu wengine lau wangejua kwamba ni watumwa. Wanahistoria waliopekua habari zake hawajaikuta popote. Hata hesabu haiendi. Kati ya 1850 na 1860 alirudi Maryland, jimbo alikotoroka, mara 13 hivi, akawatoa watu wapatao 70.

Ingekuwa ni tarakimu tu, ningenyamaza. Lakini kauli hiyo inawasingizia waliobaki, kana kwamba walikuwa mazuzu waliozoea minyororo.

Tazama Krismasi ya 1854. Ndugu zake watatu, Robert, Ben na Henry, walikuwa wauzwe kesho yake, naye akaja kuwachukua. Robert alichelewa kwa sababu mkewe alishikwa na uchungu. Alimwacha na mtoto mchanga, akaondoka. Walijificha kwenye banda la mahindi karibu na kibanda cha wazazi wao. Mama yao, Rit, alikuwa amewapikia chakula cha sikukuu na kila mara anatoka kuchungulia njia. Wao wanamwona kupitia nyufa za mbao, ila hawathubutu kumwita, maana angeangua kilio na siri ingefichuka. Mzee Ben Ross, baba yao, ndiye aliyewapelekea chakula, na alipowasindikiza alijifunga kitambaa machoni. Wasaka watoro walipomhoji, akaapa kwamba hajawaona wanawe. Na kweli hakuwaona! Leo tunaambiwa watu wa namna hiyo walihitaji kuelezwa hali yao?

Mwishoni mwa 1860 Harriet alirudi tena, safari hii kumfuata dada yake Rachel na wanawe wawili. Akakuta Rachel ameshafariki. Watoto wangeweza kutolewa kwa hongo ya dola 30. Hakuwa nazo, wakabaki. Hicho ndicho kilichowakwamisha wengi: fedha, watoto, mbwa, na sheria ya 1850 iliyoruhusu mtoro kukamatwa na kurudishwa hata akiwa ameshafika majimbo huru.

Kisha nendeni Juni 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto. Harriet, akiwa mpelelezi wa jeshi la Kaskazini lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyoshikilia utumwa, aliongozana na meli za kivita kupanda Mto Combahee, South Carolina. Ving'ora vya meli vilipolia, watu waliacha majembe kwenye mashamba ya mpunga wakakimbilia mtoni. Mwenyewe alisimulia kuhusu mwanamke aliyekuja na ndoo kichwani, wali ndani yake bado unafuka moshi, mtoto akimning'inia kwa nyuma. Waliopanda walizidi 700 kwa siku moja, na waliochelewa waling'ang'ania kingo za mashua hata zikashindwa kuondoka.

Mwandishi wenu anaandika vizuri, na sidhani alikusudia ubaya. Naomba tu kauli hiyo iondolewe kwenye nakala iliyoko mtandaoni, kwa sababu walimu wa historia huwapa wanafunzi makala zenu, na tayari nimeiona imebandikwa ukutani darasani.

Msomaji wenu,
Morogoro