Uimbe, ila rekebisha ubeti wa pili

Kahama, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Salamu zimefika na hela ya dawa imefika. Mama yako hajambo. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kutoa mbelewele, na mbuzi wa jirani ameshayaonja.

Ule wimbo uliomtumia mdogo wako nimeusikia. Najua ulimkataza asinisikilizishe. Alijikaza siku mbili, ya tatu akashindwa. Tuliusikiliza uani, mara tatu. Mama yako akaingia ndani akisema anaangalia mboga jikoni. Hakukuwa na mboga jikoni.

Mdogo wako anasema unaogopa. Eti itakuwaje kuuimba ugonjwa wa baba mbele ya watu wanaokunywa bia. Nitakujibu, lakini kwanza nikupe habari za mwanamke mmoja.

Unamkumbuka yule fundi Mzungu wa karakana ya mgodini niliyekuwa nikimtaja? Alikuwa mtu wa West Virginia, kule Marekani, nchi ya milima na makaa ya mawe. Akilala chini ya mtambo, redio yake inaimba pembeni. Mwanzoni nilidhani ni watu wanaofukuza kuku. Ndio muziki wao wa blugrasi: banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi, ngoma hakuna. Fidla na mandolini unazijua kwa watu wa taarabu. Banjo nayo, fundi aliniambia, asili yake ni ala za watu wa Afrika Magharibi waliopelekwa huko utumwani. Nikamuuliza mbona basi mmeifanya yenu. Akacheka, akaomba spana.

Siku moja ikaja sauti ya mwanamke, peke yake, bila chombo chochote. Sauti ya juu, kavu, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kiingereza changu unakijua, lakini nilishika neno pafu. Nilikuwa nimeshaanza kukohoa wakati huo. Nikamwambia fundi airudie.

Anaitwa Hazel Dickens. Kwao walizaliwa watoto 11, Mercer County, katikati ya migodi. Baba yake alisomba magogo ya kuegemezea dari za mgodi, na Jumapili alihubiri katika kanisa la Wabatisti wa zamani ambao ibadani hawataki chombo cha muziki, ni koo tupu. Ile sauti ilitoka huko. Nyumbani, huyohuyo mhubiri alipiga banjo.

Miaka ya 1950 mwanzoni, njaa ya kwao ikamsukuma hadi Baltimore kutafuta kazi viwandani. Wenyeji wa mjini waliwacheka watu wa milimani kwa lafudhi yao, kama wewe walivyokucheka Dar kwa Kiswahili chako cha Kisukuma. Kaka yake mmoja akalazwa kwa kifua kikuu. Katika hospitali hiyo alikuwapo kijana mfanyakazi, Mike Seeger, aliyekataa kwenda jeshini kwa sababu ya dhamiri yake. Kijana huyo ni wa familia ya wanamuziki, na alikuwa akizitafuta nyimbo za watu wa milimani kama wengine wanavyotafuta dhahabu. Akamjua mgonjwa, kupitia mgonjwa akaijua familia, na familia nzima inaimba. Kifua ndicho kilichomfungulia Hazel mlango. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Baadaye akakutana na Alice Gerrard, msichana aliyepita chuo. Wakaimba pamoja, na mwaka 1965 wakatoa santuri yao ya kwanza. Wakati ule bendi za blugrasi zilikuwa za wanaume, mwanamke mara nyingi ni mke au dada wa mtu. Hawa wawili walisimama mbele wenyewe. Hazel ana wimbo unaowaambia wanaume wasimdharau mwanamke wa baa wakati wao ndio waliomfikisha pale. Huo sikuupenda mara ya kwanza. Mama yako aliupenda papo hapo alipotafsiriwa.

Sasa nisikilize vizuri. Kaka yake mwingine, Thurman, alichimba makaa mpaka vumbi likamla mapafu, akafa maskini. Hazel akatunga wimbo wa pafu jeusi, ule niliousikia karakana. Mgonjwa anaomba kazi nyepesi, bosi anamfungia mlango. Hakuufanya mtamu. Hakuweka ala ya kumfuta msikilizaji machozi. Tarehe 20 Novemba 1968 mgodi ukalipuka karibu na Farmington, hukohuko West Virginia, wakafa watu 78. Nao akautungia wimbo. Februari iliyofuata wachimbaji wa jimbo lile wakagoma kwa ajili ya ugonjwa wa vumbi, na kabla mwaka 1969 haujaisha sheria ya nchi ikapitishwa ya kuwalipa wagonjwa wa pafu jeusi. Sisemi wimbo ndio ulioleta sheria. Sheria waliileta wachimbaji na wajane. Lakini kwenye mikutano yao ya baadaye, walikuwa na cha kuimba. Mwaka 1976 ikatoka filamu ya mgomo wa wachimbaji wa Harlan, Kentucky, iliyokuja kupata Oscar, na sauti ya Hazel imo ndani.

Na hakuacha kazi. Hili ulisome mara mbili, kwa sababu mdogo wako ananiambia unataka kuacha kaunta ya duka. Hazel alipitia kiwandani, akahudumia mezani hotelini, na Washington aliuza dukani kwa miaka huku nyimbo zake zinajulikana. Santuri yake ya kwanza akiwa peke yake ilitoka 1980. Mwaka 2001 taifa likamtunuku kama mtunza urithi. Akafariki Aprili 2011, Washington.

Mimi niliambiwa ni kifua kikuu. Nikameza vidonge miezi 6, na makohozi hayakuwahi kuonyesha kitu. Aliyekuja kusema ni vumbi la mawe alikuwa daktari kijana, alishika picha yangu dirishani, akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mzee, ulifanya kazi gani?" Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kwa hiyo uimbe. Hata kwa wanywa bia. Wengi wao wana baba.

Ila kuna makosa. Ubeti wa kwanza unasema nakohoa usiku kucha. Usiku nalala, alfajiri ndiyo mbaya, kabla jogoo hajawika, na mama yako anajifanya hajaamka ili nisione aibu. Kofia yangu haikuwa nyekundu, ilikuwa ya bluu. Nyekundu walivaa watu wa baruti.

Ubeti wa pili ndio ulionisumbua. Umesema nililia waliponipa barua ya kuachishwa. Sikulia. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikawaaga watu wa shifti mmoja mmoja mpaka wakachoka kuagwa. Nililia stendi, nikisubiri basi, nilipokumbuka kwamba nimesahau kikombe changu cha chai kabatini. Kile cha bati, chenye kifuniko, ulichoninunulia ukiwa darasa la sita. Nilikuwa nakifunika ili vumbi lisiingie kwenye chai.

Hicho kiweke.

Ni mimi baba yako